Jina Mwishoni mwa Barua

Alisikiliza redio akiwa na penseli mkononi, lakini hakuandika neno. Alipiga vistari. Sentensi moja, kistari kimoja, pembeni mwa gazeti la matangazo linalosukumwa bure chini ya milango yetu. Kiongozi wa Ulaya amewasili Beijing: kistari. Amepokewa kwa gwaride: kistari. Wamezungumza kuhusu magari ya umeme, nyama ya nguruwe, ndege, madini, kila jambo na sentensi zake: vistari tisa. Halafu, mtangazaji akiwa tayari anaelekea kwenye habari za michezo, ikaja ile aliyoisubiri: "Aidha, kiongozi huyo amegusia suala la haki za binadamu." Hapo Mkalimani aliweka penseli chini, akahesabu.

"Kumi na mbili," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Mara ya mwisho ilitokea kwenye sentensi ya tisa. Tuko tunarudi nyuma, mama."

Kisha akanyoosha kidole kimoja akagusa meza, polepole, kama mtu anayejaribu pasi ikiwa imepata moto.

"Ile njo kugusia. Uliza meza kama imesikia kitu."

Nilikaa mlango wa pili kutoka kwake kwa miaka sita, katika jengo moja la Albert Park, Durban, lenye ghorofa kumi na moja na lifti inayofanya kazi ikijisikia. Nilimwita Papa, kama Wakongo wote wa pale walivyomwita, na yeye akaniita mama ingawa ningeweza kuwa binti yake wa mwisho. Jina lake halisi nililiona mara moja tu, kwenye karatasi yake ya ukimbizi. Kwa jengo zima alikuwa Mkalimani, kwa sababu alijua Kichina, na kwa sababu siku tatu kwa juma alipanda teksi kwenda Clairwood, kwenye maghala ya wafanyabiashara wa Kichina, kuwa mdomo wa watu wasioelewana.

Alikunywa maji ya moto matupu. Si chai wala kahawa. Februari, Durban ikiwa imelowa jasho na kuta za vyumba vyetu zikitoa unyevu kama watu, yeye alimimina maji kutoka kwenye chupa ya chai ya bati, yenye maua mekundu yaliyochubuka, akayapuliza na kuyanywa kwa furaha. Mama Furaha wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa akifungasha mizigo katika mojawapo ya maghala hayo, hakuchoka kumtania.

"Papa Mkalimani, ndani mule uko na tumbo ao uko na rejeta ya gari?"

"Rejeta, mama. Njo maana sichemki kama weye."

Lakini hayo maji hayakuwa mzaha. Alifundishwa na mwenzake wa chumba, alipokuwa Beijing kwa masomo, yeye mwenyewe akiwa kijana mwenye ufadhili wa serikali na koti lisilotosha baridi. Mwenzake huyo, mwanafunzi wa sheria, aliamka kabla ya jua kwenda kwenye nyumba ya birika kuu kujaza chupa mbili: yake na ya Mkongo aliyelala. Hata asubuhi za barafu. "Miaka minne," Mkalimani aliniambia. "Sikumwomba hata siku moja. Na hakusahau hata siku moja."

Yule mwanafunzi alikuja kuwa wakili wa watu waliobomolewa nyumba. Asubuhi moja alishuka ngazi kununua mikate ya kifungua kinywa, hakupanda tena. Mkewe alielezwa baadaye kwamba amehukumiwa, kosa lake halikusomwa mbele yake, na tangu siku hiyo hajamwona. Mara moja kwa mwaka alimwandikia Mkalimani barua fupi. Aliomba jambo moja tu: kwamba wakubwa wa Ulaya wakienda kuzungumza na serikali ya kwao, jina la mume wake litajwe ndani ya chumba, ili yeye aruhusiwe angalau kumwona. Aliomba pia lisichapishwe popote, kwa ajili ya mtoto wao anayesoma. Ndiyo maana hapa silitaji.

Nilipoanza kumzoea nilidhani tatizo la Mkalimani ni kwamba hakuna aliyemsikiliza. Halikuwa hilo. Tatizo lilikuwa kwamba alijua jinsi kazi inavyofanyika. Kabla hajafika Durban aliishi kidogo Brussels, na siku moja aliitwa kuwa mkalimani wa akiba kwenye mazungumzo ya namna hiyohiyo, Ulaya upande huu, China upande ule, maua katikati. Alikaa nyuma kwenye kiti cha ukutani akisubiri mwenzake achoke. Mwenzake hakuchoka. Kwa hiyo kutwa nzima alitazama tu.

"Majina hayasomwi," alinieleza, na kila alipofika hapa sauti yake ilipungua badala ya kupanda. "Yanaandikwa kwenye orodha. Orodha inaingia ndani ya bahasha. Bahasha inasukumwa juu ya meza kisha ya chakula cha mchana, wakati bantu bameshiba. Siku ile mwenyeji aliipokea na mikono mbili, kwa heshima kabisa, akaiweka pembeni. Halafu mutu akakuja na sahani ya machungwa. Akaitia juu yake."

"Juu ya bahasha?"

"Meza ilikuwa imejaa, mama. Haikuwa kwa ubaya. Ilikuwa tu fasi ya kutia machungwa."

Na hapo alinifundisha ufundi wa kazi yake, akinyanyua vidole kimoja kimoja. Jina likisemwa kwa mdomo, mkalimani hana budi kulisema pia. Wa upande wa pili hana budi kulisikia kwa lugha yake mwenyewe. Karani naye hana budi kuliandika. "Bantu watatu bameshalibeba. Ndani ya bahasha, nani amelibeba?"

Kwa hiyo aliandika barua. Kila gazeti liliposema waziri fulani au rais fulani anajiandaa kwenda Beijing, Mkalimani alinigongea mlango akiwa amevaa shati la mikono mirefu, kana kwamba anayeandikiwa angetuona. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa, mimi nikaweka kwa Kiingereza kwenye kompyuta yangu. Barua hizo zilinichosha roho. Zilianza kwa kumtakia mheshimiwa afya. Zikampongeza kwa safari. Zikasifu urafiki wa mataifa, zikatumaini biashara itawanufaisha wananchi wa pande zote, zikaomba radhi kwa kuuchukua muda wa thamani. Ukurasa wa pili, chini, mahali ambapo jicho la mtu mwenye shughuli halifiki, ndipo lilipokaa jina la yule wakili.

"Papa, tulilete juu," nilimwambia.

"Huwezi kuingia nyumba ya mutu mbio mpaka kwenye chumba ya kulala."

"Wataishia ukurasa wa kwanza."

"Basi ukurasa wa kwanza uwe muzuri."

Majibu, yalipokuja, yalikuwa ya mashine. Tunashukuru kwa barua yako. Suala hili tunalipa uzito. Aliyatunza yote ndani ya bahasha ya kaki, juu ya kabati. Wakati mwingine nilimkuta ameishusha, anaitazama bila kuifungua, na nikajua anafikiria machungwa.

Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Kwenye ofisi ya wakimbizi, katika foleni ya kuongezewa muda wa karatasi yake, aliitikia "ndiyo, dada" kwa karani aliyemwambia arudi mwezi ujao, na mwezi uliofuata akaitikia vilevile. Nilikuwa naye mara moja. Nilitaka kupiga kelele kwa niaba yake. Akanishika kiwiko. Tulipotoka aliniambia karani yule alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Jumamosi alikwenda Greyville, akasimama kwenye uzio wa uwanja wa mbio kutazama farasi. Hakucheza kamari hata mara moja. Nilimuuliza anatafuta nini kule.

"Napenda wanavyoanza," alisema. "Mlango unafunguka, wanaanza. Hakuna wa kuuliza kwanza habari ya hali ya hewa."

Ningepaswa kuelewa siku hiyohiyo.

Nilikuja kuelewa kule Clairwood. Nilimwomba anichukue siku moja, kwa sababu nilitaka kuandika makala kuhusu malori yanayosimama foleni mpaka kwenye robot, taa za barabarani, yakisubiri kontena, na kuhusu maghala yenyewe. Ghala alilofanyia kazi lilikuwa la blanketi na vyombo vya plastiki. Mwenye ghala, Bosi kwa kila mtu, alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kikohozi, aliyeweka picha ya binti yake mdogo kwenye kioo cha ofisi na ambaye siku za joto aliwakatia wafanyakazi matikiti kwa mkono wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameibiwa mara tatu. Na baada ya mara ya tatu alifunga mlango wa nyuma, ule wa dharura, kwa kufuli kubwa la shaba, na ufunguo akauweka mfukoni. Watu kumi na wanne, wengi wao akina mama kutoka jengo letu na la jirani, walifungasha blanketi kutwa nzima kati ya mlango wa mbele, ambako kulikuwa na jiko la gesi la kupikia, na mlango wa nyuma usiofunguka.

Siku ile walimtuma Mkalimani awasemee. Mama Furaha alimweleza mbele yangu, maneno tisa tu: Bosi afungue ule mlango, moto ukianza tutafia humu ndani.

Waliketi ofisini, Bosi na Mkalimani. Nilikaa kwenye boksi karibu na mlango. Chai ikamiminwa. Wakazungumza, Mkalimani akinitafsiria pembeni kidogo kidogo kwa ukarimu wake: kontena limekwama bandarini, wateja wa Lubumbashi wanataka rangi ya kahawia, binti ya Bosi amefaulu mtihani. Chai ikaongezwa. Wakacheka kuhusu jambo fulani. Nusu saa ikapita. Kisha, akiwa ameshasimama, mkono mmoja kwenye kitasa, Mkalimani akageuka akasema sentensi moja fupi kwa sauti laini. Bosi akaitikia kwa kichwa. Nao wakaagana.

Nje Mama Furaha alikuwa akisubiri, mikono imejaa utepe wa gundi.

"Amesema nini?"

"Amesikia," Mkalimani akajibu.

"Amesikia, halafu?"

"Amesema ataangalia. Polepole, mama. Ni mutu wa kusikia."

Tulirudi kwa teksi tumebanana, na nilingoja mpaka tukashuka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilidhani ukweli ni kitu cha kurushiwa mtu usoni. Pale kwenye kona, watu wakitupita na mifuko yao ya mboga, nilinyoosha kidole kimoja, nikagusa ukuta.

"Umegusia, Papa," nilisema.

Alikitazama kidole changu. Kisha akatazama ukuta. Alipanda ngazi zote za ghorofa tisa mbele yangu bila kupumzika, na kwa miezi minne hakugonga tena mlango wangu.

Miezi hiyo nilikuwa na hasira naye, na hasira yangu ilikuwa na haya ndani yake. Nilisikia redio yake ukutani, Kiswahili asubuhi, Kifaransa mchana. Niliwaza vistari. Niliwaza yule wakili anayehesabu siku mahali nisipopajua, na mtu mmoja aliyebaki wa kumsemea huku nje ni mzee mpole anayemwacha mpaka mkono uwe kwenye kitasa. Nilitaka kumlaumu kwa kila kitu. Halafu nikakumbuka mimi ndiye niliyezipiga chapa barua zile, zote, na kuzituma jinsi zilivyo.

Aliyeniletea habari ni Mama Furaha. Nilikutana naye kwenye ngazi, lifti ikiwa imekataa, ana mfuko wa unga begani na anahema, lakini hakuweza kusubiri afike juu.

"Mwandishi! Unajua Papa wako amefanya nini?"

"Nini tena?"

"Leo amekuja kazini, amevaa ile shati yake ya harusi. Bosi anamwambia kaa, chai iko. Papa anakataa kukaa! Anasema, haiko chai leo. Anaita mimi. Miye! Na vumbi yangu, na gundi. Anasema, Mama Furaha, sema, na miye nitasema vile unasema. Hata neno moja sitakula."

"Ukasema?"

"Nikaogopa kwanza! Halafu nikasema. Ule mlango ufunguliwe, moto ukishika tutakufa, na weye Bosi utaandika barua kwa watoto wetu uwaambie nini? Papa akasema kwa Kichina. Eish! Sauti ile! Sikujua kama iko na sauti. Wote wakaacha kufunga. Bosi akakohoa, akakohoa. Akasema, mutaniibia. Miye nikasema, basi ufunguo utundikwe kwenye msumari hapo pembeni ya mlango, fasi kila mutu anauona, na nani akiuondoa tumuone. Papa akasema vilevile. Bosi akaangalia ile picha ya mtoto wake..." Akashusha mfuko kwenye ngazi. "Iko kwenye msumari sasa. Nimeifunga na utepe mwekundu."

"Na Papa?"

Furaha ikamtoka usoni.

"Bosi amemwambia asirudi. Kwa heshima, kabisa. Ametoa simu yake, amesema siku hizi simu inatafsiri."

Niligonga mlango wa Papa jioni hiyo, jua likiwa bado linagonga madirisha ya majengo ya mbele. Alifungua akiwa na lile shati. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alionekana kama mtu aliyebeba kitu kizito ngazi nyingi, na juu akaambiwa si hapa. Chupa ya bati ilikuwa mezani, na vikombe viwili, kana kwamba alijua nitakuja, au kana kwamba aliweka viwili kila siku.

Nilitaka kumwomba radhi. Akanionyesha kiti, akanisukumia karatasi. Ilikuwa barua ya mke wa wakili, ile ya kila mwaka. Alinitafsiria kwa sauti ya kazi, bila kulainisha.

"Anasema alienda tena kwenye geti ya jela. Askari hakuwa mukali. Alimwambia: Dada, rudi nyumbani. Huko inje hakuna mutu anamuulizia."

Chini barabarani mtu alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma, akiita kwa Kizulu.

"Barua ngapi tumetuma?" aliniuliza.

"Papa..."

"Nyingi. Na ni kweli, hakuna mutu amemuulizia. Miye niliuliza afya ya mawaziri." Akamimina maji, akanisogezea kikombe. "Ilifika juma iliyopita, hii barua. Nikaisoma. Nikakumbuka kidole yako kwenye ukuta. Nikavaa shati."

Juma lile kiongozi mwingine alikuwa njiani kwenda Beijing. Magazeti yalikwisha kusema ameandamana na wenye viwanda. Nilifungua kompyuta. Nilisubiri afya, pongezi, urafiki wa mataifa. Mkalimani alisimama dirishani akanipa mgongo, na neno la kwanza lililotoka lilikuwa jina la mwenzake wa chumba. Nikaliandika juu kabisa. Sentensi ya pili ilisema: Mke wake anataka kumwona. Sentensi ya tatu: Jina hili usiliweke ndani ya bahasha, liseme kwa mdomo, wakati kila mtu bado ana njaa.

Nikasubiri.

"Imeisha," alisema.

"Hakuna salamu za mwisho?"

"Hakuna."

Tuliituma. Siku ya mkutano nilikuwa kwake tena, saa ya habari za mchana, redio katikati ya meza. Hakuwa na penseli. Mtangazaji alisema kiongozi huyo amewasili, amekagua gwaride, ametia saini mikataba. Magari. Mvinyo. Ndege. Sikupiga vistari lakini akili yangu ilivipiga yenyewe, na niliiona inapita ya tisa, inapita ya kumi na mbili. Nilikuwa nimeubana ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kwamba lingetajwa redioni sikutegemea. Nilitaka tu nisikie tofauti ndogo, kikohozi, chochote.

"Aidha," mtangazaji alisema, "viongozi hao wamegusia suala la haki za binadamu."

Na katika ule upenyo mdogo kabla ya habari za michezo, Mkalimani akasema jina. Alilisema kwa sauti kubwa, mara moja, kwa Kichina, akikabili redio, kama mkalimani anayejaza neno ambalo msemaji amelimeza. Kikombe changu kilitetema kwenye sahani. Huko koridoni mtu aliyekuwa akipita akasimama, kisha akaendelea.

Mtangazaji alikuwa sasa kwenye mpira. Mkalimani alizima redio, akanigeukia.

"Sasa weye."

"Mimi, Papa?"

"Nimezeeka. Iseme."

Nilijaribu, nikakosea. Akatikisa kichwa, akalirudia polepole, akinionyesha kwa mkono sauti inaposhuka na inapopanda. Nikakosea tena. Mara nne alinisahihisha, bila huruma na bila haraka, maji yakipoa mbele yetu.

Mara ya tano hakusahihisha. Akachukua chupa ya bati, akanijazia kikombe.